Kesi ngumu (sanduku) la kuhifadhia maiki: nimeitumia mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo hatusikilizi sauti ya maiki yoyote, leo tunaongelea pale maiki inapolala, maana ukipiga hesabu muda mwingi maiki haipo kwenye stendi wala mkononi mwa mtu, imefungiwa sehemu, na huko ndo nyingi zinakoharibikia. Hapa mezani nina vitu vitatu. Kifuko cha zipu, kile kinachokuja na maiki ndani ya boksi lake. Begi laini lenye sponji ndani. Halafu mhusika wetu wa leo, hili sanduku gumu la plastiki lenye raba ya kuziba mdomoni, klipu nne na sponji ya vipande unavyochomoa mwenyewe. Aina hii wengi mnaijua kwa Pelican, ile kampuni ya California iliyoanza 1976, hii yangu siyo yao, ni ya kampuni nyingine ila mfumo ni uleule, kwa hiyo nitakachosema kinahusu kesi zote za namna hii.

Naanza na tukio lililonifanya nirekodi hii video. Nina kondensa moja ya utando mkubwa, yani ile aina ya maiki nyepesi kuhisi inayotumia chaji ya umeme, naipenda sana hii maiki. Kuna siku tulirekodi kutwa nzima, waimbaji wanapokezana, chumba tumefunga madirisha ili kelele za nje zisiingie, joto, jasho, watu wanaimba sentimita 10 kutoka kwenye wavu. Jioni nimechoka, nikaichomoa kwenye stendi nikailaza moja kwa moja kwenye hii kesi, nikabana klipu zote nne, nikaenda zangu nikiwa na amani kabisa kwamba ipo sehemu salama kuliko zote. Ikakaa humo wiki tatu. Siku naiwasha, yani ni kelele kama mafuta yanachemka kwenye kikaango, tsss, pa, pa, halafu inanyamaza, halafu tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha chaneli, nikabadilisha mpaka kifaa cha kurekodia, kelele ipo palepale. Na hii maiki haijawahi kuanguka hata siku moja.

Tatizo lilikuwa unyevu. Raba inayozuia maji yasiingie ndiyo hiyohiyo inayozuia unyevu usitoke, na mimi nilikuwa nimeufungia ndani pamoja na maiki kwa wiki tatu.

Sasa kwa nini kondensa inasumbuliwa hivo na unyevu? Ndani ya kile kichwa cha wavu kuna kapsuli, kile kipande kinachonasa sauti, na kwenye kapsuli kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, unene wake kwenye maiki nyingi ni kama mikroni 6 hivi au pungufu, wakati unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Huo utando umekaa karibu sana na bamba la chuma, na kati yao kuna chaji ya umeme. Sauti inatikisa utando, nafasi inabadilika, na hapo ndo unapata mawimbi ya umeme. Unyevu ukitua pale, chaji inapata njia ya kutorokea, na kila inapotoroka wewe unasikia ile pa pa. Afu hiyohiyo chaji inavuta vumbi kama skrini za zile tivii za zamani zilivyokuwa zinavuta, na vumbi likikaa linashika unyevu zaidi. Kwa hiyo vumbi na unyevu vinasaidiana, na vyote viwili vinaingia kimyakimya huku sisi akili zote zipo kwenye kuogopa maiki isidondoke.

Maiki yangu ilipona, namshukuru Mungu. Niliiweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko pamoja na vipakiti vingi vya silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, siku tatu, sikuigusa. Nawaomba sana msiweke maiki juani wala msipulizie drai ya nywele, joto linaweza kuharibu utando na gundi, na ule upepo wenyewe unasukuma vumbi ndani.

Haya, turudi kwenye kesi. Nilivyoinunua niliisifia ugumu wake, na kweli ni ngumu, nasimama juu yake na haibonyei. Lakini baada ya mwaka nakwambia ugumu wa nje siyo kitu cha kwanza cha kuangalia. Angalia sponji. Hizi za vipande unachomoa vimraba mpaka upate umbo la maiki yako, na hapa watu wengi tunakosea, tunachomoa vingi ili maiki iingie kirahisi. Shimo linatakiwa liwe dogo kidogo kuliko maiki, milimita chache tu, ili sponji iikumbatie. Ukitikisa kesi ikiwa imefungwa hutakiwi kusikia wala kuhisi chochote kinacheza. Maiki ikicheza ndani ya kesi ngumu inagongwa kila tuta la barabarani, safari nzima, na plastiki ya nje haina msaada wowote kwenye hilo. Halafu kati ya maiki na maiki acha angalau vimraba viwili, kikibaki kimoja kinalegea baada ya miezi, nimeliona kwenye hii hapa, angalieni huu ukuta wa katikati umeshalala. Ningepaka gundi kwenye kuta mwanzoni, isingefika huku.

Na sponji inazeeka jamani. Nina sanduku lingine la zamani, sitolitaja jina, nililifungua baada ya miaka mingi nikakuta sponji imegeuka unga wa kunata, imeshika kwenye wavu wa maiki mbili, kuitoa ilikuwa kazi ya jioni nzima kwa brashi laini. Sponji nyingi ni poliyurethani na unyevu wa hewani unaila polepole. Kila baada ya miezi kadhaa ibonyeze kwa kidole, ikichelewa kurudi au ikiacha punje kidoleni, itoe, usisubiri.

Hii kesi ina valvu ndogo hapa mbele, hii yenye kama kifungo. Hiki kitu ukipanda ndege utakielewa. Presha ya hewa inabadilika, kesi isiyo na valvu mfuniko wake unaweza kung'ang'ania ukifika, unavuta haufunguki. Hii inapitisha hewa kidogokidogo bila kupitisha maji, safi kabisa, hapo nawapa alama zote. Ila msidhani valvu inakausha ndani, hapana, unyevu unabaki.

Ndo maana humu ndani sasa hivi kuna silika jeli, zile za punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishashiba. Zipo pia za bluu zinazogeuka pinki, zile rangi yake inatokana na kobalti, ambayo siyo kitu cha kuchezea, mimi nimechagua hizi za chungwa. Zikishageuka sizitupi, natandaza punje kwenye trei, oveni nyuzi joto 110 za Selsiasi hivi, kwa masaa mawili, rangi inarudi na kazi inaendelea. Someni maelezo ya pakiti yenu kwanza, kuna mifuko ya plastiki haihimili joto hilo. Na nimeweka kipima unyevu kidogo cha betri, mezani kinaonekana kama kichezeo lakini ndo kitu kilichonisaidia kuliko vyote. Mimi napenda kikae kati ya asilimia 40 na 50. Kikipanda 60 nafungua kesi nabadilisha punje.

Kifuko cha zipu je? Watu wanakidharau na mimi nakitetea kwa nguvu zote. Kwa dainamiki, zile maiki ngumu za koili na sumaku, kama SM58, ambayo Shure wameitoa tangu 1966, kile kifuko kinatosha kwa kukaa nyumbani. Kapsuli yake imekaa juu ya raba inayomeza mishtuko, wavu wa chuma umetengenezwa ubonyee yeye kwanza kabla ya kitu cha ndani kuumia, na ukibonyea unanunua wavu mpya unafunga. Adui wa dainamiki ni unga wa chuma, sababu ndani kuna sumaku. Msiziweke kwenye boksi moja na misumari, skrubu, wala vipande vya nyuzi za gitaa, unga ukiingia ukanasa kwenye sumaku kuutoa ni shida. Na kabla hujaifungia, toa wavu, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mswaki wa zamani, pamoja na ile sponji ya ndani, mate ya watu wengine yapo humo. Kausha mpaka ikauke kweli, usiku mzima, ndo urudishe. Mwili wa maiki usiuguse na maji.

Begi laini sina mengi. Ni jepesi, lina mifuko mingi, na hiyo mifuko mingi ndo inanipa wasiwasi, maana mtu anaweka waya wa XLR, ule waya wa maiki, juu ya maiki, ile plagi ni chuma kizito, inabonda wavu njia nzima. Waya uwe na begi lake. Kama ni kwenda kazini na kurudi, maiki unaishika mwenyewe, begi sawa. Kama utalikabidhi kwa mtu mwingine alipakie na spika, usithubutu.

Sasa maiki za riboni, na hapa naombeni mnisikilize vizuri. Riboni ni ukanda wa alumini mwembamba kuliko hata ule utando wa kondensa, kwenye maiki nyingi ni mikroni 2 mpaka 2.5, umening'inia katikati ya sumaku. Huo ukanda ukilazwa muda mrefu unalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na ukishalegea sauti ya chini inabadilika na hairudi mpaka fundi aweke ukanda mpya. Kwa hiyo riboni inahifadhiwa imesimama. Kesi yangu hii nzuri yote, ukiiweka kama ilivyotengenezwa, riboni imelala. Nimekata shimo la riboni upande huu ili kesi ikisimama kwa mpini wake na maiki inasimama, na nimebandika mshale wa rangi nyekundu nje.

Halafu kuna kitu kingine kilichonishtua. Fungeni mfuniko wa kesi kwa nguvu, sikilizeni, umesikia hiyo puf? Hiyo ni hewa inasukumwa ndani kwa ghafla. Kwa dainamiki si kitu. Kwa riboni ni kama umeipuliza kwa mdomo, na riboni haipulizwi kamwe, hata kuijaribu kama ipo hewani. Ivo mimi naivalisha soksi ya kitambaa kwanza, ndo inaingia kwenye shimo lake, na mfuniko nausindikiza kwa mkono mpaka ukae. Hata ukitembea nayo chumbani imefungwa kwenye stendi, ivalishe, ule upepo wa kutembea tu unaisukuma.

Kwenye kusafiri, kabla sijasahau, zima fantomu pawa kwanza, ule umeme unaopelekwa kwenye kondensa kupitia waya wa maiki, subiri nusu dakika ndo uchomoe waya. Toa maiki kwenye kile kishikio cha raba, zile raba zinavutika zikikaa na uzito muda wote, na kwenye gari maiki inaninginia kama kengele. Maiki za waileza, zile zisizo na waya, toa betri, za alkalini zikivuja zinakula vibati vya ndani. Na kwenye ndege betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia chini, zinakaa na wewe juu, kwa hiyo usizifungie humu afu ukaikabidhi kesi kaunta. Mimi kondensa na riboni napanda nazo mwenyewe, dainamiki ndo zinaenda chini.

Gari lililofungwa juani pia siyo stoo. Hata kama kesi ni ngumu, ndani inapika.

Kuhusu hii kesi, kwangu ni 8 kwa 10. Klipu zimekaza vilevile baada ya mwaka, raba haijapasuka, valvu inafanya kazi. Nimekata moja kwa sababu ya sponji kulegea, na moja kwa sababu mtengenezaji hajaweka hata sehemu ndogo ya kukaa silika jeli, imebidi nikate mwenyewe hapa pembeni. Ni nzito pia ikijaa, ila uzito huo nimeukubali.

Na ukifika unakoenda, hasa umetoka kwenye baridi kali unaingia kwenye chumba chenye joto, usiifungue hapohapo. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoa jasho, kama chupa iliyotoka kwenye friji, na hilo jasho linatua mpaka kwenye utando. Iache imefungwa, saa nzima hivi, mpaka ndani na nje kulingane. Mimi huo muda napanga stendi, navuta waya, naongea na waimbaji, na maiki ndo inatoka ya mwisho kabisa.