Mashine ya oksijeni nyumbani Mabatini: uzoefu wangu wa kumuuguza mama hapa Mwanza

Mnaniuliza kama mashine ya oksijeni inafaa kununuliwa ya kutumia nyumbani. Nianze na jibu, maana wengi mnaouliza mna mgonjwa ndani na hamna muda wa kusoma maneno mengi. Mashine ya oksijeni ya umeme, hii ya lita 5 kwa dakika, imemsaidia mama yangu sana. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari oksijeni ya kila siku, ningeinunua tena. Ila isiwe kitu cha kwanza kulipia. Mtafuteni fundi kwanza, pigeni hesabu ya umeme, halafu mkae kama familia mzungumze habari ya moto ndani ya nyumba. Mashine ifuate baada ya hapo.

Mama amebanika sangara ufukweni Igombe kwa miaka mingi, uso juu ya moshi wa kuni asubuhi hadi jioni. Sigara hajawahi kuigusa. Alipofikishwa hospitali ya Bugando alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, na tukaambiwa ni ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, ule ambao wengi tunaudhani ni wa wavuta sigara peke yao. Moshi wa kuni na mkaa unauleta vilevile. Akaandikiwa lita 2 kwa dakika, saa zisizopungua 15 kwa siku, usiku ukiwemo. Saa hizo 15 zina sababu: tafiti mbili kubwa, ya Marekani iliyotoka 1980 na ya Uingereza iliyotoka 1981, zilionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii ambao oksijeni ya damu yao imeshuka sana huishi zaidi wakiipata kwa saa nyingi kila siku. Kwa hiyo kumvutisha mgonjwa dakika kumi akizidiwa na kuizima akipata nafuu si matibabu aliyoandikiwa. Hili lilichukua muda kumwingia mama, kwa sababu yeye alikuwa anawaza umeme wetu.

Mwanzoni tulitumia mitungi. Anayeijua Mabatini anajua nyumba zetu zilivyokaa juu ya mawe: gari linaishia barabarani chini, kuanzia hapo ni ngazi na vichochoro. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiufungulia lita 2 kwa dakika unakwisha baada ya saa 56 hivi. Kwa saa 15 kwa siku, haumalizi siku ya nne. Hesabu vijana wa kuupandisha, vijana wa kuushusha mtupu, na ule wasiwasi wa kutazama mshale ukishuka usiku. Mashine yetu ina kilo 15 hivi, kijana mmoja aliipandisha begani mpaka mlangoni na habari ikaishia hapo.

Ni vizuri kuelewa inavyofanya kazi, kwa sababu usafi wake wote unatokana na hapo. Ndani hakuna tangi la oksijeni. Inavuta hewa hii hii ya chumbani, ambayo sehemu kama 78 kwa mia ni naitrojeni na 21 ni oksijeni, inaibana kwa kompresa na kuipitisha kwenye punje za madini yanayoitwa zeolaiti. Zile punje hunasa naitrojeni, na kinachotoka kwenye mrija ni oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Basi kila kilichomo chumbani kinavutwa humo: vumbi, moshi wa jirani, unyevu. Na zeolaiti haipatani na unyevu. Mashine iliyofungiwa stoo kwa muda mrefu bila kuwashwa inaweza kuharibika zaidi ya inayofanya kazi kila siku, hivyo ukitangaziwa mashine "haijatumika kabisa, imekaa tu", usifurahi haraka.

Hapa ziwani kuna adui mwingine. Ni wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi mazito, ukiwaona kwa mbali utadhani moshi. Wakija usiku wanafuata taa, na asubuhi chujio la nje la mashine limefunikwa. Maelekezo yanasema chujio lioshwe mara moja kwa wiki kwa maji na sabuni laini. Siku za wadudu hao mimi hulitazama kila asubuhi. Linaoshwa, linasuuzwa, linakamuliwa na kuanikwa kivulini mpaka likauke kabisa ndipo lirudi. Nunueni machujio mawili, moja likiwa limeanikwa jingine liko kazini. Kuna chujio la pili huko ndani, hilo haliguswi kwa maji wala halioshwi, ni la fundi kubadilisha.

Mashine isimame wazi, sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia. Inatoa joto, na kwa vyumba vyetu vya bati mchana wa Oktoba utalisikia. Kelele pia ipo, ngurumo ya chini na pumzi ya kila sekunde chache. Mama aliizoea kabla yangu.

Chupa ya maji inayolainisha hewa si lazima kwa kila mgonjwa wa lita chache, muulizeni muuguzi wenu. Kwa mama iliwekwa kwa sababu pua zilimkauka mpaka zikatoa damu. Maji ni ya kuchemsha yaliyopoa, au yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, na humwagwa kila siku hata kama yamebaki nusu. Usiongezee juu ya ya jana. Chupa inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa, kwa kuwa anachokipumua mgonjwa kinapita humo kwanza. Mrija wa puani ukigeuka mgumu au wa njano, nunua mpya, bei yake ni ndogo kuliko yote. Ukitaka kujua kama hewa inatoka, tumbukiza ncha zake kwenye glasi ya maji safi uangalie mapovu. Yasipotokea, fuata mrija mpaka ukute ulipojikunja au kifuniko cha chupa kilichokaa upande.

Sasa moto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba zetu zina moto mdogo mdogo mwingi tusiouhesabu. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini chochote kinachowaka kikiipata huwaka kwa kasi ya kutisha. Inaingia kwenye kanga, kwenye shuka, kwenye nywele, na inabaki humo kwa muda hata baada ya kuzima. Hivyo mrija hauachwi kitandani huku mashine inaguruma. Ukitoka puani, mashine inazimwa. Mama akitaka kukaa karibu na jiko, anakaa kwanza nje kwenye hewa dakika 20 hivi, nguo zipigwe upepo. Jiko la mkaa tulilihamishia uani moja kwa moja, zaidi ya mita 3 kutoka mlango wa chumba chake.

Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote. Watu huiweka chini ya kitanda, na haionekani kama moto. Tumeiondoa, mama analala kwenye chandarua. Udi na ubani navyo vimehamia sebuleni kwa majirani. Umeme ukikatika hakuna mshumaa, hakuna kibatari: taa ndogo ya sola inaning'inia kichwani pa kitanda na nyingine iko mlangoni. Na mafuta ya mgando, yale tunayopaka midomo na pua zikikauka, usimpake mgonjwa usoni, yanaweza kushika moto palipo na oksijeni. Duka la dawa watakupa ya kulainisha yenye asili ya maji.

Wageni ni jambo la heshima na linahitaji busara. Baba mkubwa anavuta sigara, na mimi si wa kumwambia mzee kama yule atoke. Mama mwenyewe alimwambia kwa sauti yake ya upole, "Shemeji, humu ndani moto hauingii tena." Tangu siku hiyo baba mkubwa huzima sigara kule chini kabla ya ngazi, na ndiye anayewaonya wengine.

Kuhusu umeme, hesabu yenyewe hii. Mashine ya lita 5 hula wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni uniti 5 na ushee kwa siku, zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Ikiwaka usiku na mchana ni uniti 8 na ushee kwa siku. Kama nyumba yenu iko kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, mashine peke yake itawatoa humo na kila uniti itapanda bei. Na kama mmepanga na mnachangia mita moja ya LUKU, zungumzeni na wenzenu kabla mashine haijaingia. Sisi tuliomba tuwekewe mita yetu ndogo ya ndani, kila mtu akaona anacholipa na amani ikabaki. Nunua umeme kabla haujakaribia kwisha, usingoje usiku wa manane.

Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, yenye redio na pasi juu yake, itapata moto. Tumeweka stabilaiza kwa sababu umeme unapanda na kushuka. Ukikatika, zima swichi ya mashine, na ukirudi subiri dakika chache utulie ndipo uwashe. Ipe pia mashine muda wa kuamka: hewa inayotoka dakika za kwanza bado haijafikia kiwango.

Akiba lazima iwepo. Watu wanauliza habari ya betri na inveta. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Kwa betri za asidi ni vyema utumie nusu tu ili zisife mapema, kwa hiyo utapata saa 3 hivi. Zinasaidia, lakini kukatika kwa usiku kucha hazikufikishi. Sisi tunao mtungi mmoja uliojaa kando ya kitanda, umefungwa kwa mnyororo ukutani usianguke, na spana yake inaning'inia hapo hapo. Kila mtu wa nyumba hii, hata mdogo wangu wa sekondari, anajua kuufungua gizani. Mwenye jenereta aliweke nje, mbali na dirisha, maana moshi wake una kaboni monoksidi na mashine haikutengenezwa kuichuja.

Ile gololi ya kwenye mashine inayoonyesha lita ngapi zinatoka, ni daktari anayeipanga. Naisema hii kwa msisitizo kwa sababu huruma inatuponza: mama akihema, mkono unakwenda kuiongeza. Kwa wagonjwa wa aina yake oksijeni ikizidi, hewa chafu, ile tunayoitoa tukipumua, inaweza kujaa kwenye damu, mgonjwa akasinzia, akaamka na kichwa kinauma, akaanza kuchanganya maneno, na wewe ukadhani amepata usingizi mzuri. Kwake tuliambiwa kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kisome kati ya asilimia 88 na 92. Ni kwake, si kwa kila mgonjwa, wa kwenu ataambiwa wake. Kidole kiwe na joto, bila hina wala rangi ya kucha. Na mjue kwamba vipimo hivyo mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtazame na mtu mwenyewe: midomo, mbavu, namna anavyozungumza. Namba ikishuka na kubaki chini, au akisinzia kusiko kwa kawaida, tunamshusha chini kwenye gari na kwenda hospitali, gololi ikiwa pale pale alipoiweka daktari.

Kwenye kununua, angalieni kibandiko cha nyuma: volti 230, hezi 50. Zipo zilizotumika zilizotoka Marekani, za volti 115 na hezi 60, na muuzaji atakwambia uweke transfoma. Transfoma inabadilisha volti lakini hezi zinabaki zile zile, na kompresa itahangaika na kupata joto. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako nusu saa na apime usafi wa oksijeni kwa kifaa chake kwenye lita zote 5, kwa kuwa mashine iliyochoka hutoa upepo wa kutosha wenye oksijeni kidogo, na mkono wako hauwezi kujua tofauti. Soma saa za kazi kwenye kidude cha kuhesabia. Uliza kama imesajiliwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na taa ya onyo la oksijeni pungufu ipo au haipo. Zisizo nayo niliziacha dukani.

Na fundi awe wa vifaa tiba kweli, wa hapa Mwanza, mwenye kile kifaa cha kupimia. Muuzaji wa kwanza tuliyezungumza naye alisema fundi yuko Dar na mashine ingesafirishwa ikiharibika. Tulimshukuru tukaondoka. Tuliyenunua kwake alituletea fundi wake nyumbani, akapanda ngazi zote, akapima, akamwonyesha mama mwenyewe swichi na taa. Anarudi kila baada ya miezi michache kupima tena.

Mrija wetu ni wa mita 10, unafika mpaka kwenye jiwe la mbele ya nyumba. Jioni mama hukaa hapo, mrija puani, anachambua dagaa na kubishana na majirani kuhusu bei za soko la Mwaloni. Anamaliza sentensi zake.