Sabuni ya kunyolea ndevu: mafuta ya nazi au shahamu ya ng'ombe?

Kwa sabuni ya kuogea, mafuta ya nazi sina ugomvi nayo. Kwenye wembe, mambo hubadilika. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya loriki, inayotoa povu jingi upesi, lakini povu lenyewe ni jepesi: ukimaliza shavu moja, la pili limeshakauka. Ngozi nayo hubaki imekakamaa.

Shahamu ina kazi. Uiyeyushe, uichuje, na harufu ijae nyumba nzima (majirani mniwie radhi). Ila ina asidi za palmitiki na stiariki kwa wingi, hivyo povu lake huchelewa, lakini likija ni zito na laini, na hukaa usoni mpaka umalize kidevu.

Kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haipimwi sawa: kilo 1 ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183, ya shahamu gramu 140 hivi. Mimi hupunguza asilimia 5 ili isibaki ya kuchoma uso. Na kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, si kinyume chake.

Siku hizi nachanganya shahamu sehemu 3, nazi 1.