Koni ndogo chini ya boksi la kitufe: uzoefu wangu wa kuvuka barabara Uingereza

Vivuko vingi vyenye taa hapa Uingereza vina kitu ambacho watu wanakipita kila siku bila kujua kama kipo. Ukifika kwenye boksi la kitufe anachobonyeza mwenye miguu ili avuke, peleka mkono chini yake. Utagusa koni ndogo iliyoelekea chini, ya chuma au plastiki, ukubwa wake kama ncha ya kidole gumba, imechongwa mifereji ili ishikike vizuri. Magari yakiwa na ruhusa, koni imetulia. Mtu wa kijani, yaani taa ya kuruhusu wenye miguu, akiwaka, inazunguka. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na katika vifaa vyote nilivyowahi kupewa au kununua kwa ajili ya ulemavu wangu, hakuna ninachokiamini kama hiki.

Nieleze hali yangu ili msomaji ajue nazungumza kutoka wapi. Macho yangu yamebakiza uoni mwembamba wa katikati, pembeni hakuna kitu. Kusikia nategemea vifaa vya masikioni. Fimbo yangu ni nyeupe yenye mistari myekundu, ambayo hapa ni alama ya mtu mwenye matatizo ya kuona na kusikia kwa pamoja, ingawa madereva wengi hawaijui alama hiyo. Mlio ule wa pi-pi-pi ambao vivuko hutoa kijani ikiwaka, unaowasaidia wenzangu wasioona, mimi unanifikia umechanganyika na ngurumo za mabasi. Mvua ikinyesha ndiyo siusikii kabisa.

Na hata kwa mwenye masikio mazima, mlio haupo kila mahali. Barabara pana zenye kisiwa katikati huwa na vivuko viwili vilivyopishana, kila kimoja na taa yake. Ukiweka milio hapo, mtu anaweza kusikia kijani cha upande wa pili akadhani ni chake, akaingia mbele ya magari. Kwa hiyo sehemu kama hizo mlio huachwa. Kuna pia vivuko ambavyo mlio huzimwa usiku ili majirani walale. Koni haimsumbui mtu yeyote, inafanya kazi saa nane za usiku sawasawa na saa nane za mchana. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham miaka ya 1980, na nawashukuru kwa dhati waliofikiria kwamba si kila asiyeona anasikia.

Sasa namna inavyotumika. Kazi inaanza miguuni. Kabla ya kufika kivukoni unyayo unakutana na vigae vyenye vinundu bapa, kimo chake kama milimita 5, unavihisi hata kwa viatu vya soli nene. Vigae vikiwa vyekundu ni kivuko rasmi, yaani cha taa au zebra. Sehemu nyingine ambako ukingo wa barabara umeshushwa tu, vigae huwa vya rangi tofauti, na kwa sisi wenye uoni hafifu wekundu huo unasaidia sana. Kwenye kivuko kilichojengwa vizuri, vigae vinatoa mkia unaokatiza njia ya miguu. Unaufuata huo mkia mpaka ukingoni, na nguzo yenye kitufe unaikuta mkono wako wa kulia. Vigae vya namna hii chimbuko lake ni Japani: Seiichi Miyake ndiye aliyevibuni, na vya kwanza vilitandikwa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona.

Nikishabonyeza, nateremsha mkono chini ya boksi na kuishika koni kwa vidole viwili. Wakati wa baridi inabidi nivue glovu, maana kupitia sufu nene mtetemo wa basi linalopita unaweza kunidanganya. Halafu nasubiri. Koni inapoanza kuzunguka huhitaji kujiuliza mara mbili, mifereji inasugua ncha za vidole bila kukoma. Hapo ndipo nanyoosha fimbo na kushuka. Mtu aliyezoea kuona hawezi kujua ni uhuru wa namna gani huo, kusimama kwenye barabara ya njia nne bila kumvuta mgeni shati na kumuuliza, "Samahani, tayari?"

Mapungufu yapo. Koni inakwambia taa ni ya kijani, haikwambii kama magari yamesimama kweli. Haikwambii uelekee wapi: hilo unalitafuta kwa miguu, kwa kuweka visigino sambamba na ukingo wa nyuma wa vigae, na fundi akiwa amevitandika upande utajikuta unaelekea katikati ya makutano. Pia ukishaiachia umeachana nayo, huwezi kujua umebakiwa na muda gani. Afadhali vile vivuko vyenye vihisi juu ya nguzo, vinavyotambua kwamba bado kuna mtu barabarani na kuwaongezea magari muda wa kusubiri. Kwa mtu anayetembea taratibu kama mimi, hivyo ndivyo navipendelea.

Nilipokwenda New York kumtembelea dada yangu nilijaribu mfumo wa Marekani. Kule kitufe chenyewe kina mshale mkubwa ulioinuka, unaogusika, na alama ya kuvuka ikiwaka unatetemeka. Mshale umeelekezwa kule unakovukia, na hapo nakiri wamewazidi Waingereza. Nguzo pia inatoa mlio mdogo kila sekunde ili asiyeona aipate. Tatizo ni kuvipata hivyo vitufe. Mwaka 2020 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba jiji lile limewabagua wasioona, kwa sababu kati ya makutano zaidi ya 13,000 yenye taa, zaidi ya asilimia 95 hayakuwa na kifaa cha namna hiyo. Mwaka uliofuata jiji likaamriwa kuweka vifaa hivyo kwenye makutano yasiyopungua 10,000 ndani ya miaka kumi. Waliofungua kesi walikuwa wasioona wenyewe. Ningefurahi siku moja kuona kifaa kimoja chenye mshale wa kule na koni ya huku.

Malalamiko yangu makubwa ni matengenezo. Katika mji mmoja nilioishi awali, kivuko cha njiani kwangu kiling'olewa koni. Nilipoweka mkono nilikuta kijichuma kitupu na bazoka iliyobandikwa na mtu. Niliripoti, nikajibiwa kwamba taa zinafanya kazi vizuri. Kwa anayeona, ndiyo, zilikuwa zinafanya kazi. Mimi nilikuwa nazunguka mbali kutafuta kivuko kingine, mpaka jirani mmoja akaanza kuandika barua pamoja nami na koni ikarudishwa.

Ndugu zangu wa Dar huniuliza kama kitu hiki kingefaa nyumbani. Nadhani kingefaa, lakini si cha kuanza nacho. Koni ni ya kweli pale tu taa inapoheshimiwa. Kwenye makutano ambako askari wa trafiki anaongoza magari kwa mkono huku taa zinaendelea kuwaka, koni ingezunguka wakati askari ameruhusu magari, na mimi ningeingia barabarani kwa kuiamini. Bodaboda nazo hazisubiri rangi yoyote. Ningeanza na vigae vya vinundu kwenye kila zebra, na matuta ya kupunguza mwendo kabla yake, hasa karibu na shule na hospitali. Taa zikishaheshimiwa na wote, koni iwekwe.

Kwa aliyeko Uingereza na ana mzazi au rafiki ambaye macho yamepungua: mpeleke kwenye kivuko cha karibu, umshike mkono umuwekee kwenye koni mwenyewe, mkae hapo taa zibadilike mara kadhaa mpaka azoee. Wengi wamekaa nchi hii miaka bila kuambiwa. Na ukikuta koni imekwama au haipo, piga simu halmashauri. Taja jina la barabara na, kama nguzo ina namba, isome. Sema wazi kwamba ni koni ya chini ya boksi iliyoharibika, maana usipofafanua fundi atakuja, ataona taa zinawaka, ataondoka.