Mwaka mmoja nikiosha Leaf yangu mwenyewe: glavu, ndoo mbili na kunguru wa Dar

"Dada, hii si ya umeme? Ukiimwagia maji haipigi shoti?" Ndivyo alivyoniuliza kijana wa sehemu ya kuoshea magari siku ya kwanza nilipompelekea Nissan Leaf yangu ya 2014. Bunduki ya presha alikuwa ameishika, ila kasimama mbali kama mtu anayeogesha ng'ombe mkali. Nikamwambia imeshanyeshewa masika nzima na bado inatembea. Hapo akajiamini kupita kiasi. Akasogea hadi puani mwa gari, pale penye mfuniko wa kuchajia, akaelekeza presha moja kwa moja kwenye mwanya.

Shoti haikupiga. Betri ya Leaf imefungwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, na chini ya ule mfuniko wa puani kila tundu, lile kubwa la CHAdeMO, la kuchaji haraka, na dogo la kuchajia nyumbani, lina kizibo chake. Lakini jioni nilipofungua nilikuta maji yametuama na mchanga umejaa kwenye bawaba. Sikuchomeka chaji hadi kesho yake. Wiki hiyohiyo nikaenda Kariakoo kununua vifaa vyangu.

Kilichostahili pesa kuliko vyote ni glavu ya maikrofaiba, ile yenye nyuzi nene kama manyoya ya kondoo. Mwanzoni nilikuwa nasugua kwa sponji na sabuni ya unga ya kufulia. Baada ya miezi miwili, jua likipiga boneti, nikawa naona mikwaruzo myembamba ya mviringo kila mahali. Rangi nyeusi haifichi kitu. Sasa nina ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla sijairudisha kwenye sabuni. Mwisho wa kazi ukimwaga ile ya pili taratibu, chini unakuta mchanga laini wa kujaza kiganja. Huo wote zamani nilikuwa naurudisha kwenye rangi.

Chupa ya kupulizia povu, usihangaike nayo. Inapendeza kwenye picha, basi. Taulo kubwa ya kukaushia nayo ni ya lazima, na sababu yake ni maji yetu ya kisima. Yana chumvi. Yakikaukia juani gari linaota madoa meupe, utadhani lina mba. Kwa hiyo naosha saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijachoma, maji ya mwisho yanakuwa ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kama yametoka, au ya mvua niliyokinga, halafu nakausha hapohapo, paneli moja baada ya nyingine.

Kisha kuna kunguru. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji kama magari mengine ya umeme, na joto ndilo linalozeesha betri haraka, kwa hiyo kivuli kwangu si anasa. Kivuli nilichonacho ni cha mwembe, na mwembe una wenyewe. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu wakiamka, paa lishachafuka, na kinyesi chao kikikaa siku mbili juani kinakula rangi, kinaacha alama isiyotoka kwa sabuni. Usikikwangue kikiwa kikavu. Loweka kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, halafu kiokote bila kusugua. Natembea na chupa ya maji na kitambaa kwenye buti kwa kazi hiyo tu. Kuhama mwembe siwezi. Bora nifute mavi ya kunguru kila siku kuliko kununua betri.

Mawili madogo ambayo ningependa kuambiwa mapema. Ufunguo uache ndani ya nyumba: mimi nilikuwa nao mfukoni, kila glavu ilipogusa kile kibonye cheusi cha kwenye kitasa gari likawa linalia na kufunguka, hadi jirani akatoka kuangalia. (Wenye Tesla wana hali maalumu ya kuoshea wanayoiwasha kwenye skrini, mambo yao mazuri.) La pili, breki. Gari hili likipunguza mwendo mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo diski hazisuguliwi sana na kutu ya baada ya kuosha inakawia kutoka. Nikimaliza nazunguka mtaani polepole, kwenye njia tupu naweka N (gia huru, ili mota isisaidie kupunguza mwendo) na kukanyaga breki mara tatu nne hadi ile sauti ya kukwaruza iishe.

Chini ya boneti huwa sipeleki maji kabisa. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba volti zaidi ya 300, na vumbi la huko halimkeri mtu. Kitambaa chenye unyevu juu ya vifuniko, nafunga.

Yule kijana wa bunduki siku hizi anakuja kwangu kila Jumamosi. Namlipa 5,000, anatumia glavu yangu na ndoo zangu, na puani hagusi. Pale nafuta mwenyewe kwa kitambaa.