Pikapu mpya za gitaa la besi: uanze na ipi?

Kabla hujatoa pesa, weka nyuzi mpya na urekebishe kwa bisibisi kimo cha pikapu ulizonazo, yaani vile vifaa vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi vinavyogeuza mtetemo wake kuwa umeme. Sumaku ikikaa karibu mno huvuta nyuzi na kuharibu noti. Ikikaa mbali, sauti hufifia. Wengi hutosheka hapo.

Bado unataka kubadilisha? Pima umbo kwanza. Pikapu ya besi ya Fender Precision ina vipande viwili tangu 1957, haiingii kwenye tundu la Jazz, besi nyingine ya Fender. Na katika Jazz nyingi pikapu ya upande wa daraja ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo, kwa hiyo nunua jozi.

Mwenye Jazz, nafasi ya kwanza naipa pikapu isiyovuma, kama DiMarzio Model J. Pikapu ya kawaida ina koili moja (waya uliozungushwa kwenye sumaku), nayo hunasa mvumo wa umeme kama antena. Jozi ya kawaida huufuta mvumo huo nobu zote mbili za kiasi cha sauti zikiwa sawa, kwani koili moja imepangwa kinyume cha nyingine. Punguza moja tu, mvumo unarudi! Kwa anayerekodi, hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama.

Precision haina shida hiyo. Vipande vyake viwili vinafutiana mvumo. Hapo unanunua ladha ya sauti tu. Chaguo langu ni Seymour Duncan SPB-1, yenye sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti): sauti ya kizamani inayokaa vizuri chini ya ngoma bila kumziba mwimbaji. SPB-3, yenye vyuma vinene vya robo inchi, ina nguvu zaidi na inawafaa wapiga roki.

Nafasi ya mwisho ni pikapu za betri, kama EMG. Si mbaya hata kidogo: ni tulivu, safi, na nyingi huunganishwa kwa plagi bila kulehemu. Lakini zinadai betri ya volti 9, nafasi ya kuiweka, na poti (vipinga vinavyozungushwa na nobu) za kiloomu 25 badala ya 250 zilizozoeleka. Betri ikiisha jukwaani, besi inanyamaza.

Usichague kwa kuangalia oomu, kipimo cha ukinzani wa waya, peke yake. Waya mwembamba huongeza oomu bila kuongeza sauti. Piga picha ya waya za zamani kabla ya kuzifungua, na zitunze pikapu zilizotoka, maana mnunuzi wa besi yako kesho anaweza kuzidai.