Kamera ya kununua kwa matembezi ya msituni na ufukweni, Dar es Salaam

Kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba, kipupwe kinapokwisha na kabla vuli haijaanza, mkazi wa Dar es Salaam anayependa kutembea na kupiga picha za viumbe hupata siku nzuri kuliko za wakati mwingine wowote wa mwaka. Njia za msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kule Kisarawe, huwa zimekauka, na katika fukwe za Kunduchi na mlango wa Mto Msimbazi huanza kutua vitwitwi na ndege wengine wahamao kutoka Ulaya na Asia, ambako majira ya joto yanaelekea ukingoni. Anayekwenda Kariakoo kutafuta kamera kwa ajili ya matembezi hayo atatajiwa kwanza idadi ya megapikseli, ilhali kwa mazingira yetu mambo yanayopaswa kuamua ni mawili: mwanga na unyevu. Nimezipanga kamera hapa kwa vigezo hivyo, nikianza na ile ambayo ningemshauri mtu mwenye fedha ya wastani.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya DSLR (yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa) iliyokwishatumika, ya daraja la kawaida la Canon au Nikon, pamoja na lenzi ndefu ya milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300. Sensa ya kamera hizi, yaani kipande kinachopokea mwanga wa picha, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, na kwa sababu hiyo lenzi ya milimita 250 kwenye Canon huvuta kama ya 400, na ile ya 300 kwenye Nikon huvuta kama ya 450. Hata hivyo sensa hiyo ina eneo linalozidi mara 10 lile la kamera ndogo za zumu kubwa, na tofauti hiyo huonekana mara tu unapoingia chini ya miti ya Pugu, ambako hata saa nne asubuhi kuna kiza cha kutosha kumfanya tumbili anayeruka aonekane kama doa lenye ukungu.

Ununuzi wa vifaa vilivyotumika una mitego yake. Lenzi iliyokaa miaka katika hewa ya pwani hushikwa na kuvu ndani ya vioo, na kuvu hiyo ikishakula tabaka la juu la kioo haiondoki kwa kufutwa. Omba lenzi itolewe kwenye kamera, imulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili, na utafute nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Lenzi nyingi za Nikon hufunga tundu lake zinapotolewa, kwa hiyo sukuma kijiti kidogo kilicho nyuma ili tundu lifunguke, la sivyo hutaona kitu. Vumbi kidogo ndani si hoja, lakini nyuzi zozote zatosha kukufanya urudishe lenzi mezani, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Kwa wanaonunua Nikon, kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi ndani yake, hivyo lenzi za zamani za aina ya AF, ambazo hazina mota yake, zitakulazimu kuzungusha kwa mkono; na lenzi mpya za aina ya AF-P hazifokasi kabisa kwenye D3100 wala D5100. Ifunge lenzi kwenye kamera hiyohiyo unayoinunua, upige picha hapohapo dukani. Nikon pia huandika ndani ya faili ya picha idadi ya mara ambazo shata, yaani pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, imefyatuliwa. Shata ya D5600, kwa mfano, ilijaribiwa hadi mara 100,000, na kamera iliyokaribia idadi hiyo haistahili bei ya ile iliyotumika kidogo.

Ya pili ni kamera ya zumu kubwa isiyobadilishwa lenzi, kama Nikon P950, inayovuta hadi sawa na milimita 2,000, au Canon SX70, inayofika 1,365 na kuwa na uzito wa gramu 610 tu. Anayetembea zaidi ufukweni kuliko msituni aipandishe nafasi ya kwanza bila kusita. Wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa kali, na hapo udogo wa sensa hauleti shida. Shida ni mvuke wa joto juu ya mchanga, unaotikisa picha ya kitu cha mbali kama mazigazi, na hauondolewi na zumu yoyote. Afadhali kusubiri maji yanapojaa yawasogeze ndege karibu. Faida nyingine ni kwamba lenzi haifunguliwi, hivyo vumbi la barabara za Kisarawe halifikii sensa.

Kamera mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless) naziweka nafasi ya tatu kwa sababu moja tu, nayo ni bei, maana lenzi zao ndefu mara nyingi hugharimu kuliko kamera yenyewe.

Mwenye fedha kidogo anunue darubini ya 8x42 na abaki na simu yake. Namba hizo zina maana ya kukuza mara 8 na vioo vya mbele vyenye kipenyo cha milimita 42, vinavyoingiza mwanga wa kutosha hata alfajiri. Zile za barabarani zilizoandikwa 60x60 hazikuzi kiasi hicho. Lenzi za kubana kwenye simu nazo sizipendekezi kabisa, kwani pembe za picha hufifia.

Chochote utakachochagua, tenga fedha ya pakiti za silika zinazofyonza unyevu na ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana ya kuihifadhia, uvinunue siku hiyohiyo, kwa kuwa kamera ya Septemba hukutana na unyevu wa vuli kabla haijazoeleka mkononi. Mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini ni mahali pabaya pa kuihifadhi.