Nimefungiwa upya nyaya za muziki kwa fundi wa Mwanga, Kigoma

Gari langu ni Probox ya matangazo. Ukikaa Kigoma mjini huenda umeshanisikia: mechi za Uwanja wa Lake Tanganyika, minada, chanjo za watoto, misiba ya Ujiji. Juu ya paa kuna tarumbeta mbili zenye mashine yake ndogo, nyuma kuna sabufa mbili za inchi 12 na amplifaya ya kuzisukuma. Watoto wangu wanasoma kwa sauti hiyo, ndiyo maana jambo hili naliandika kwa urefu.

Kilichonipeleka kwa fundi huyu ni moshi. Nilikuwa Ujiji, natambaa taratibu kwenye barabara inayoshuka kuelekea makumbusho ya Livingstone, muziki umepanda, mara nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani kuna mtu anachoma taka. Kisha nikaona moshi mwembamba unapanda pembeni ya kapeti, upande wa abiria. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo. Moshi haukukata. Waya wa amplifaya unatoka moja kwa moja kwenye betri, habari za ufunguo haujui. Kilichoniokoa ni spana namba 10 iliyokuwa mlangoni: nikafungua boneti, nikalegeza kichwa cha betri, nikakivuta. Kapeti ilikuwa imeshatoboka tundu la ukubwa wa kiganja.

Aliyenifungia mara ya kwanza simtaji. Alipitisha waya kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na kabini, bila mpira wowote, akazungusha tepu nyeusi basi. Barabara zetu mnazijua. Kila mtikisiko bati likawa linakata ganda la waya kidogo kidogo, hadi shaba ikagusa bodi ya gari.

Fundi niliyeelekezwa ana kibanda Mwanga, si mbali na soko. Hana kibao; ulizia fundi umeme wa magari anayefunga muziki, utapelekwa. Ni kijana, maneno machache. Hakuniuliza bajeti. Alichukua kipande cha waya wangu ulioungua, akakikwangua kwa wembe, akanionyesha: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. "Mzee wangu, hii ni alumini imepakwa shaba. Ganda ndilo nene, waya wenyewe mwembamba." Miaka mitatu nimetembea nao nikiamini ni shaba tupu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba ya unene uleule, kwa hiyo waya wa namna hiyo unachemka mapema na volti zinapotelea njiani.

Nikamwambia mbona fyuzi ilikuwepo, tena mbili, pale kwenye amplifaya. Jibu lake ndilo ninalotaka kila mwenye muziki kwenye gari alisikie. Fyuzi za kwenye amplifaya zinailinda amplifaya. Waya wa kutoka betri hadi nyuma, karibu mita tano, haukuwa na mlinzi. Fyuzi ya kuulinda waya inakaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, ili waya ukigusa bodi popote mbele ya hapo, fyuzi ndiyo ife. Na ukubwa wake haupangwi kwa kubahatisha: uzidi kidogo matumizi ya amplifaya, lakini usizidi uwezo wa waya. Amplifaya yangu ina fyuzi mbili za ampea 30, jumla 60. Akachagua waya wa shaba tupu wa milimita za mraba 21, ule wanaouita namba 4, na fyuzi ya 80.

Kabla ya kugusa chochote alipima. Aliunga waya ule mwembamba kwa muda, akawasha injini: betri volti 14.1. Tukapandisha muziki, akaweka mita kwenye amplifaya: besi ikigonga inashuka hadi 11.4. Ndiyo sababu usiku taa zangu zilikuwa zinapepesa na sabufa zinakatika katikati ya wimbo. Nilikuwa nimeshapanga kununua betri ya pili. Angeweza kuniuzia, maana anazo. Akakataa: "Betri haizalishi, altaneta ndiyo inazalisha. Tengeneza njia kwanza." Hapo ndipo nilipomwamini.

Kazi yenyewe niliisimamia nimekaa kwenye ndoo, kwa sababu sehemu ya wateja kusubiri hakuna, na jua la mchana pale halina huruma. Lagi za shaba, yaani vichwa vya kufungia waya kwenye bolti, alizibana kwa koleo kubwa la mikono miwili, akazivisha mpira unaosinyaa kwa moto, kisha akazivuta kwa nguvu zake zote kuona kama zinachomoka. Kwenye tundu la bati akaweka mpira mpya. Ethi ya nyuma, yaani waya wa kurudisha umeme kupitia bodi, hakuifunga kwenye rangi kama wengi wanavyofanya. Alikwangua bodi chini ya kapeti ya buti hadi bati liking'aa, akafunga bolti, akapaka grisi juu isishike kutu. Akaongeza waya mwingine wa unene uleule kutoka hasi ya betri hadi bodi, na mwingine kutoka bodi hadi injini. Umeme unaokwenda lazima urudi, na waya wa kurudi ambao gari lilitoka nao kiwandani haukupimwa kwa ajili ya sabufa.

Baada ya hapo, wimbo uleule, sauti ileile: mita ilisoma 13.6.

Nililipa shilingi 190,000, vifaa na ufundi. Si ndogo. Ila lawama yangu si bei, ni muda. Aliniahidi siku moja, zikawa nne, kwa sababu fyuzi ya 80 hakuwa nayo na ilibidi isubiriwe kutoka Dar kwa basi. Fundi wa kiwango chake hapaswi kukosa fyuzi ya akiba, na mimi nilipoteza tangazo la harusi Gungu. Ukienda, mpigie kwanza umuulize kama anazo, na ununue mbili, moja ikae kwenye dashibodi.

Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi nikitokea Kibirizi, vumbi tupu. Nikaweka kiganja juu ya kikebe cha fyuzi: hakina joto. Yeye akapita na spana kila nati aliyoifunga, betri, bodi, buti. Moja ya ethi ya nyuma ilikubali robo mzunguko. Akaikaza, akafuta mikono, hakudai hela.